Nilifyeka njia ya moto kuzunguka nyumba, wakwe wakapanda mbaazi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mabondeni na wa milimani.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Kila nikitaka kuliandika hasira inanitangulia, naizima simu. Leo naliandika hivyo hivyo na hasira yake. Majina nimebadilisha na kilima sitakitaja. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, sina cha kupata kwa kuwadanganya.

Nianze na safari, maana bila safari hamtanielewa.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Nilimaliza form four nyumbani Singida, nikaondoka, na sijawahi kurudi kukaa. Nimekata miti Mufindi, nimechimba dhahabu Chunya, nimekuwa utingo wa malori mpaka Tunduma. Siku niliyochoka na Chunya nilipanda juu ya Fuso la mahindi, nikalala kwenye magunia nikiangalia mawingu.

Lori lilikufa Makambako, tukalala. Likafa tena baada ya Iringa. Pale Ruaha Mbuyuni dereva akanunua vitunguu, akaniwekea gunia juu ya miguu. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitunguu kibichi nakumbuka ule mteremko na ile mibuyu, na roho inaniuma kwa namna nisiyoweza kuieleza. Mikumi tukapita jua linazama, Morogoro tukafika nimechakaa kama tambara la gereji.

Nilishuka nikijiambia napumzika wiki, halafu naendelea Tanga.

Sikufika Tanga. Nilipata kibarua cha kupakia mizigo Mwembesongo, na hapo nikamkuta Zamda. Alikuwa anashusha ndizi kutoka milimani, upande wa Matombo. Alinitania kwamba nabeba mkungu wa ndizi kama nabeba mtoto wa mtu. Nikamjibu, akacheka. Wenye wake mnajua haya mambo yanavyoanza.

Tukaoana. Rehema akazaliwa. Alipoanza kutembea, mama yake akasema kodi ya chumba inatumaliza, twende kwao, kwao kuna ardhi.

Hapa niweke sawa kitu kimoja kwa wasiojua Uluguru. Kule ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Mwanamume ukioa ukaenda kukaa kwa mkeo, unajenga, unalima, unaheshimiwa, lakini pale chini ya nyayo zako si pako. Ni pa mkeo na mama yake na mjomba wake. Mtoto naye ni wa kwao. Mimi niliambiwa haya mapema, nikakubali. Sikuona tatizo, maana mtu ambaye hajawahi kuwa na kwake atalilia ardhi ipi?

Mjomba wa mke wangu, nimwite mjomba Salehe, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Mzee mwenye maneno matamu, mcheshi, anapenda watoto. Alituonyesha mahali kwenye mgongo wa kilima. Mbele unaona bonde lote la migomba, asubuhi ukungu unapanda mpaka mlangoni. Nikajenga vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma na bati. Jiko tukalitenga pembeni, la miti na nyasi.

Kiangazi cha kwanza ndipo niliposhtuka.

Kule mashamba yanaandaliwa kwa moto. Mvua za vuli zikikaribia watu wanafyeka, wanaacha majani yakauke, wanachoma. Ukitazama milima unaona moshi huku, moshi kule, na hakuna anayesimama kushangaa. Mimi nilisimama. Mufindi kwenye mashamba ya miti nilishaona moto ukipanda mlima. Moto wa kwenye mteremko haupandi kama mtu, unapanda kama mbuzi aliyefukuzwa na mbwa.

Nikajiandaa. Nilifyeka njia ya moto kuzunguka nyumba yote, upana wa kulaza lori, nikapalilia mpaka udongo mtupu. Nikaweka pipa la maji kila upande, ndoo za mchanga, ngazi ya kupandia darini. Vyeti vyote nikavitia kwenye begi moja nyuma ya mlango. Rehema nikamfundisha: ukisikia tunapiga kelele za moto, usinitafute mimi wala mama, kimbia kwenye lile jiwe la mtoni, kaa hapo mpaka tuje. Tulilifanya kama mchezo, mara nyingi, mpaka akawa anakimbia bila kuuliza.

Kilima kizima kilinicheka. Ile njia wakaiita uwanja. Nikipita gulioni Mkuyuni jamaa wananiuliza, "Shemeji, ligi inaanza lini? Sisi tunaleta timu." Shemeji yangu mmoja alikuja kabisa na mpira wa makaratasi akapiga danadana pale nje. Nikacheka nao. Kucheka hakunisumbui.

Kilichonisumbua kilikuja baadaye.

Nilikwenda Dar na lori la jamaa yangu, nikakaa huko muda. Kurudi, njia yangu ya moto imeota mbaazi, zimefika magotini, zimepangwa mistari mizuri kuzunguka nyumba yote. Nikamuuliza mke wangu. Akasema mjomba alikuja na wake zake, akasema ardhi ikishafyekwa ikaachwa bure ni laana, watu wanagombania vipande na sisi tuna udongo wa kuangalia kwa macho. "Mjomba amesema. Ningemjibu nini?"

Nilitaka kuzing'oa siku ile ile. Mama mkwe akanishika mkono. Akaniambia, taratibu tu, kwamba kule mtu anayeng'oa chakula kilichokwisha kuota haitwi mkwe tena, anaitwa jina lingine, na hilo jina litamfuata mpaka mtoto wake. Nikaacha. Nikajipa moyo kwamba mbaazi mbichi haishiki moto, zikivunwa tu nakata kila kitu.

Zikavunwa. Zimekauka, miti inagongana kwa upepo kama njuga. Upande wa juu nilikata mwenyewe. Upande wa bondeni ulikuwa wa mke mdogo wa mjomba, na yeye akagoma. Zile ni kuni zake, zikauke zikiwa zimesimama, akilaza chini zinaliwa na mchwa. Nilikwenda kwa mjomba. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kwamba moto ukitoka bondeni utapita hapo. Akanipigapiga begani. "Mkwe, wewe unaogopa moto ambao hata kibiriti chake hakijanunuliwa."

Wakuu, kibiriti alikuwa nacho mfukoni.

Haukupita muda. Mchana, jua kali, upepo umeshaanza kupanda kutoka bondeni. Kila mtu kule anajua moto wa shamba unawashwa asubuhi umande haujakauka, au jioni upepo umelala. Yeye amezaliwa hapo, anajua kuliko mimi. Akawasha mchana shamba lake la chini yetu, hakumwambia mtu, akaona unawaka vizuri, akaenda zake kula ugali.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga banda la kuku. Nilisikia sauti kabla ya kuona moshi. Ile sauti ya kupasuka, kavu. Nikapiga kelele, Zamda akapiga kelele. Rehema nilimwona akipita, hakunitazama hata mara moja, anakimbia kuelekea mtoni kama nilivyomfundisha.

Moto ulifika mwisho wa shamba la mjomba. Kama njia yangu ingekuwa udongo ungefia pale, maana huko juu nilikokata haukugusa kitu. Ulikuta mbaazi. Zile kuni zilizokuwa zinakauka zikiwa zimesimama zilishika mstari mzima kwa pamoja. Cheche zikaruka kwenye nyasi za jiko, jiko likawa mwenge, kutoka jikoni ukaingia chini ya bati kwenye mbao za paa. Nilimwaga pipa la kwanza na la pili. Nilipanda ngazi nikashuka nywele zimeungua. Zamda alitoa begi na godoro moja. Basi.

Paa lilipoanguka mjomba alikuwa ndiyo anapanda kilima, anaupangusa kwenye kanzu mkono uliokuwa na ugali.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Watu wa kile kilima wana utu. Jua halijazama tulikuwa na sufuria, mikeka, kanga, unga, na mtoto wangu amevaa gauni la mtoto wa jirani. Tulilala kwa mama mkwe. Baada ya hapo wanaume wakaja na miti na mbao, wanawake wakabeba matofali vichwani kutoka chini kwenye tanuri, wakiimba. Kuta zilikuwa hazijaanguka zote, kwa hiyo kazi ilikwenda haraka ili tuwahi mvua. Hakuna aliyeniomba hata maji ya kunywa. Ndiyo maana hasira yangu ni ngumu kuibeba. Huwezi kumkasirikia vizuri mtu aliyekubebea tofali.

Lakini kila aliyekuja alisema, "Pole, ni mapenzi ya Mungu." Wote. Hata wale walioona nani alikuwa na kibiriti. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye ni wa ukoo huo huo, akaniuliza kwa upole kama kweli nataka kumpeleka mjomba wa mke wangu mbele ya serikali, halafu nirudi kulala wapi.

Kabla paa halijapigwa, ukoo ulikaa. Nikaomba neno. Nikasema nashukuru kwa nyumba, sidai fidia, simdai mtu kitu. Naomba kitu kimoja tu. Ile njia ya kuzunguka nyumba ibaki udongo mtupu, isipandwe tena, ili mtoto wangu alale salama.

Mjomba akacheka kidogo. "Mkwe, nyumba tunakujengea. Uwanja hatuna."

Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Mjomba," nikasema, "moto ule ulikuwa wako."

Nilitegemea angalau ainamishe kichwa. Yule mzee akanitazama bila hata kupepesa macho, akasema, "Moto ukishatoka shambani hauna mwenyewe."

Halafu wakaendelea na habari ya misumari.

Nimezunguka nchi hii, nimetukanwa na madereva, nimeibiwa mgodini, nimelala polisi kwa kosa la mtu mwingine. Sijawahi kukasirika kama siku ile. Na nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa watu, natakiwa niseme asante.

Tulihamia. Nyumba nzuri kuliko ya kwanza, sitawaficha. Lakini mimi sikulala. Nililala na viatu. Jirani akichoma taka nasimama. Nikamwambia Zamda turudi Mwembesongo, chumba kimoja kinatutosha, nitabeba mizigo.

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuacha kuchambua.

"Baba Rehema, wewe umeishi mikoa mingapi? Mimi nina kilima kimoja."

Nilimwambia basi tubaki, ila ile njia naifyeka kwa mkono wangu mwenyewe kila mwezi, liwe liwalo. Akasema sawa. Akaahidi atazungumza na mjomba. Nikamwamini, na nikaisafisha, siku nzima na jembe, mpaka udongo ukang'aa.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha vizuri. Asubuhi yake nilishuka Mkuyuni kununua bawaba za mlango. Kurudi, nikawaona kwa mbali wakiwa wameinama kuzunguka nyumba. Mjomba mbele anachimba vishimo kwa jembe. Nyuma yake mtu mdogo ana kikapu, anatia mbegu, anafukia kwa kisigino, anarukia kishimo kinachofuata.

Alikuwa Rehema.

Aliponiona akanyoosha kiganja, amejaa furaha, udongo mpaka usoni. "Baba, mjomba amenipa mstari wangu. Hizi ni zangu."

Zamda alikuwa mlangoni. Alinitazama namna ambayo nilijua alishazungumza na mjomba, na hili ndilo jibu.

Mnajua ningeweza kupambana na mzee. Ningeweza kung'oa za mke mdogo wa mjomba. Ila ningezing'oaje zile za mwanangu, yeye akiangalia?

Nikaziweka bawaba dirishani. Nikaingia ndani nikachukua begi, nikatoa vyeti vyao nikaviacha kitandani, nikabaki na vyangu. Mama mkwe nilimwamkia, akaitika, akajua, akaanza kulia. Rehema nikamwambia nakwenda kazini na lori. Akaniuliza lini narudi, nikamwambia apande vizuri, asizidishe mbegu kwenye kishimo kimoja. Nikashuka kile kilima kwa miguu mpaka barabarani. Sijapanda tena.

Hela natuma. Simu tunaongea. Sasa niko mkoa mwingine, sitautaja.

Nilichojifunza ni hiki. Kujiandaa na moto si ndoo za mchanga na ngazi tu. Kabla hujaweka tofali la kwanza, uliza udongo unaoizunguka nyumba ni wa nani, na akiamua kuupanda utamfanya nini. Mwenye ardhi akikupenda atakujengea nyumba mara mia, lakini hatakuachia ukingo wa kuilinda.

Wenye uzoefu wa kukaa kwenye ardhi ya ukweni njooni hapa. Mlifanyaje? Wanaotaka kunitukana kwamba nimeitelekeza familia nao waje, nimeshajitukana kabla yenu, ila sitawakataza.

Na kama humu kuna mtu anatoka upande wa Matombo akakitambua hicho kilima, simtaki anipelekee salamu. Mbaazi zimeshavunwa msimu huu na upepo umeanza. Apite tu pale akakate ile miti ya upande wa bondeni, hata asipowaomba ruhusa. Rehema analala chumba cha upande huo.