Uso Uliochelewa Matangani

Wavuvi wa ufuo wa Dunga waliuogopa uso wa Debra mchuuzi kuliko askari wa doria. Akiletewa karai la omena, dagaa wa ziwani, lenye mchanga, hakubishana. Alikunja paji la uso tu, makunyanzi yakajipanga kama matuta ya viazi, na mvuvi mwenyewe akaanza kuomba msamaha. Kwa uso huo alisomesha watoto, akaezeka nyumba mabati mapya, na akamnyoosha mumewe Ondiek, mtu ambaye hata hakuwa amepinda.

Aliyemharibia mambo ni muuguzi. Mama mkwe wake, Mama Dorca, alikuwa amelazwa mjini Kisumu, figo zimechoka, na Debra alimpelekea uji kila alasiri. Siku moja muuguzi, msichana mwenye mashavu kama nyanya, akamuuliza kwa upole wote:

"Na wewe ni dada ya mgonjwa?"

Mama Dorca alicheka mpaka akakohoa. Debra hakucheka. Mgonjwa alikuwa na wajukuu wanaonyoa ndevu!

Kesho yake, mkebe wa uji mkononi, Debra alishukia mtaa wa Kondele na kupanda ngazi hadi kliniki ya urembo iliyokuwa juu ya duka la simu. Daktari Wesonga, kijana ambaye paji lake mwenyewe liling'aa kama sahani, alimketisha chini ya taa.

"Kunja uso, Mama. Kunja kama umeonyeshwa samaki ya juzi."

Debra akakunja. Daktari akarudi nyuma hatua moja. "Sawa, sawa, inatosha."

Akamweleza kwamba botoksi ni sumu ya vijidudu, lakini ikipimwa kidogo kabisa inalegeza msuli tu. "Hii hii ndiyo tunadunga watu wa kipandauso, na watoto wenye misuli imekakamaa. Hata wale wa kutokwa jasho mikononi. Ni dawa ya heshima, Mama. Baada ya miezi kadhaa inaisha yenyewe."

Akamdunga katikati ya nyusi, kwenye paji, na pembeni mwa macho. Mkebe ukasubiri mapokezi.

Alipofika wodini jua lilikuwa limeshaanza kulala. Mama Dorca alikuwa amemuulizia mara nyingi, majirani wa kitanda walisema. Aliunywa uji bila kulalamika.

"Umepoa, mwanangu," alisema tu. Kisha akamkazia macho. "Nani amekuuma usoni?"

"Mbu, Mama."

"Mbu wa Kisumu hawana adabu," mgonjwa akasema, akageukia ukuta kulala.

Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya mwisho. Alfajiri simu ikalia.

Sasa, kule Asembo kwa kina Ondiek, mke wa nyumba haingii matangani kama mgeni wa harusi. Anaanza kulia langoni, mikono kichwani, anakimbia mpaka penye maiti, na wanawake wote wanamtazama usoni. Pale ndipo mapenzi hupimwa. Jeneza lilipoletwa kutoka mochwari, dawa ya Wesonga ilikuwa imeshakolea. Debra alikimbia. Alipiga nduru, nduru ya kweli kabisa, maana Mama Dorca ndiye aliyemfundisha kuchagua omena na kuishi na wanaume wa ukoo ule. Machozi yalimiminika. Lakini uso ulibaki umelala, laini kama yai, nyusi juu kidogo, kama mtu aliyeletewa keki.

"Huyu Nyar Seme anakata vitunguu ama analia?" shangazi mmoja akauliza, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Seme, kama wakwe walivyomzoea.

"Amefurahi huyo. Angalia hiyo sura!"

"Hata mbuzi akichinjwa anakunja uso."

Kufikia saa ya chakula, hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Wifi yake Adongo, ambaye pia huuza omena Dunga, alimvuta nyuma ya jikoni.

"Mama alikukosea nini, Debra?"

Debra akasema yote: Kondele, sindano, mkebe, mbu. Adongo akasema, "Afadhali ungeniambia umemuua. Hiyo ningejua kuelezea watu."

Lakini aibu ya mke ni aibu ya boma. Adongo alirudi kwa mashangazi akawaambia wifi yake ana kipandauso kibaya, kwamba hospitalini walimdunga dawa ya kulegeza uso. Ikawa balaa jipya. Waliokuwa wakimsengenya walimletea kiti, maji na majani ya kunusa. Mhubiri alishika kipaza sauti akaliombea paji lile kwa jina, akakemea pepo wa kichwa, umati ukaitikia amina. Debra alikaa katikati ya huruma hiyo yote akitamani kaburi lichimbwe mara mbili.

Baada ya hapo Adongo alihamisha karai lake hadi upande wa pili wa ufuo. Hawakuzungumza. Wavuvi nao, kwa kutouona uso uliokunjwa, walimuuzia Debra mchanga wenye omena kidogo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja muuza uji alimpa Debra kikombe, na alipokigusa kwa midomo kilikuwa kimepoa. Akakiweka chini. Kitu kikamvuta katikati ya nyusi, kikavuta tena, na paji zima likaporomoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua.

Adongo alimwona kutoka mbali. Alikuja, akamwinua kidevu, akauchunguza uso ule wote uliokunjamana.

"Funika karai," akasema. "Twende nyumbani."

Walishuka Asembo mchana. Debra alianzia langoni, mikono kichwani, akakimbia akilia mpaka kwenye kaburi ambalo majani yalikuwa yameanza kuota. Majirani walitoka mbio mashambani, majembe mkononi.

"Nani amekufa tena?"

"Mama Dorca," Adongo akajibu.

"Si tulimzika zamani?"

"Nyinyi mlimzika. Huyu ndiyo kwanza amefika."