Sahani ya Peke Yake kwa Ba

Kwa miaka miwili nilikula kwenye nyumba ya Wahindi huko Annandale, Virginia, na kwa muda huo wote sahani yangu haikuwahi kupangwa pamoja na zao. Sikuambiwa na mtu. Niliona mwenyewe, nikaandika kwenye daftari la sayansi, ukurasa wa mwisho.

Nilikumbuka haya wiki jana, nilipoiangusha sahani hiyohiyo jikoni kwangu. Stili iligonga sakafu ikalia, ikazunguka, ikazunguka, kisha ikanyamaza ghafla. Kabla haijanyamaza nilikuwa nimerudi umri wa miaka tisa, nimevua viatu mlangoni, nasikia mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta ya moto.

Ba ndivyo walivyomwita bibi yao. Alizaliwa Kisumu, akazeekea Kisumu, mpaka mwanawe alipomleta Virginia. Yeye na Mama walikutana kwenye lifti ya jengo letu, wakasalimiana kwa Kiswahili, na kabla ya kufika ghorofa ya tatu mambo yalikuwa yamepangwa. Mama alifanya zamu ya jioni kwenye makao ya wazee huko Arlington na hakuwa na mtu wa kuniangalia. Nikishuka basi la shule, ningeingia kwa Ba pamoja na mjukuu wake Nikhil, tuliyesoma naye darasa moja.

Kwa Ba chakula hakikuja kabla ya hesabu. Alisimama na upawa mkononi.

"Kumi na saba mara sita?"

Nikhil alijibu kwa Kiingereza. Mimi nilijibu kwa Kiswahili, nikaongezwa chapati nyembamba iliyopakwa samli.

"Ona huyu!" Ba alimwambia mjukuu wake. "Nyumba yangu, halafu mtoto ya jirani ndiyo najua kusema na mimi."

Wiki ya kwanza, Mama akinisuka nywele, aliniuliza wananipakulia kwa sahani gani.

"Ya stili."

"Sijauliza ya nini. Ni kama zao?"

Ndipo akanisimulia habari za mama yake, aliyekuwa yaya kwenye nyumba ya Wahindi kulekule Kisumu. Kikombe chake cha bati kilining'inizwa kwenye msumari, nje, karibu na mfereji. Siku nzima alibeba mtoto wao mgongoni, lakini kiu ikimshika alitoka nje kunywa.

"Ukiona chako kimetengwa, niambie, Achieng. Siku hiyohiyo utatoka."

Nikamwambia ni kama zao. Nilijua kwamba nikitoka hana pa kuniacha, na zamu itampotea. Tena nilizipenda zile chapati.

Lakini sikutulia. Sahani zao zilikuwa laini, zote sawa, zikikaa kwenye kichanja kando ya sinki. Yangu ilikuwa na maandishi yaliyochorwa ukingoni, ya herufi nisizozijua. Ba aliiosha mwenyewe, akaikausha kwa pindo la sari, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabati la juu. Nilichunguza. Nikhil alitumia sahani yoyote, na baba yake vilevile. Nilidhani ni kwa sababu mimi nakula nyama na wao hawali. Halafu akaja mtoto wa Kikorea wa ghorofa ya nne, mla nyama kunishinda, akapewa sahani ya kwenye kichanja. Hoja ya nyama nikaikata kwa mstari.

Ikabaki kujaribu. Siku moja niliandaa meza, nikatia chapati kwenye sahani yangu nikampa Nikhil, mimi nikachukua yake. Ba alikuja na sufuria ya dengu, akasimama. Hakufoka. Aliihamisha chapati ya Nikhil kwenye sahani nyingine, akaiosha yangu, akaniwekea mbele.

"Hii ya Achieng tu. Mtu ingine hapana."

"Na ilivyokwaruzwa!" Nikhil akacheka. "Hata mimi siitaki."

Niliandika: Imethibitishwa. Mama aliporudi nikamwambia.

Alishuka kwa Ba akiwa bado na sare ya kazi. "Mama, ni kweli mtoto wangu ana sahani yake peke yake?"

"Ndiyo. Yake."

"Kwa nini?"

Ba alimtazama mwanawe aliyekuwa ameketi kwenye kochi. Mwanawe akasema neno moja kwa lugha yao, haraka.

"Basi tu," Ba akajibu.

Mama akachukua begi langu. "Asante kwa chakula." Mwezi huo aliiacha ile zamu, na kwa muda mrefu tulikula wali na sukuma wiki.

Ba alipofariki, nilikuwa mtu mzima. Nikhil aliniletea sahani, ikiwa bado kwenye kitambaa. "Alisema ni yako." Hakuweza kusoma maandishi. Niliipeleka kazini, na mwenzangu mmoja Mgujarati akayasoma mara moja. Ni jina la msichana, akasema. Kwao vyombo vya zawadi huchorwa jina la mwenyewe. Huyu aliitwa Hansa.

Nilimpigia simu baba yake Nikhil, nikamuuliza Hansa ni nani. Akaniuliza, kwa sauti kama ya mama yake, "Umekula, Achieng?" Na kabla sijajibu akasema ana mgeni mlangoni. Nikhil naye anasema alivyoambiwa tangu utotoni: baba yake hakuwahi kuwa na dada.

Sasa nadhani niliona sawasawa nikaandika vibaya: sahani haikuwa ya kunitenga, ilikuwa ya binti wa Ba asiyetajwa. Ile "basi tu" ilikuwa ya mtu aliyezuiwa kusema. Nilimweleza Mama hivyo Jumapili. Aliigeuza sahani, akapitisha kidole kwenye herufi.

"Na kikombe cha mama yangu," akasema, "kilichorwa jina la nani?"

Nimempigia baba yake Nikhil mara mbili tena, hapokei. Sahani nimeiosha, nimeikausha. Iko kwenye kabati langu la juu, peke yake.