Mpunga wa Mbegu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, kijijini kwetu, kwenye vilima vya upande wa Pangi, mpunga wa mbegu haukuliwa hata njaa iwe kali namna gani. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, aliuweka katika kikapu juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu, na kila mwaka alitukumbusha: "Mwenye anakula mbegu, shamba itamukataa, na watu wa nyumba yake watatawanyika." Sikuwahi kumwona mtu akiujaribu mwiko huo.

Kisha vita vikafika. Watu wenye silaha walipoingia kijijini tulikimbilia msituni. Mama alimbeba mdogo wangu Zaina na sufuria. Koko alibeba kile kikapu, mimi na kaka yetu mkubwa tukiwafuata. Tulikula mihogo ya kuchimbua katika mashamba yaliyoachwa, mpaka ikaisha. Zaina, ambaye hakuwa amefikisha miaka miwili, akaacha kulia, na mama akaelewa maana ya ukimya ule.

"Mama, tupike ule mupunga," mama alimwambia Koko.

Koko alikivuta kikapu karibu naye. "Wewe usiguse," akasema. "Uko na watoto wa kulea. Mimi njo nitapika."

Hatukuweza kutwanga, maana mlio wa kinu ungetusaliti. Koko alimenya punje moja moja kwa kucha, kutwa nzima, mvua ikinyesha. Zaina akalishwa uji. Mimi nikapewa mabaki ya sufuriani. Koko mwenyewe hakuonja.

Zaina alipona. Tuliporudi kijijini hatukuwa na cha kupanda, wala majirani hawakuwa nacho. Koko alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Kaka yetu akaenda kwenye machimbo ya Kama kuchimba dhahabu, asirudi. Vijana wengine wakamfuata. Sisi tukahamia mjini Kindu, tukapata kibustani cha mboga katika mtaa wa Alunguli. Waliobaki wakasema maneno ya Koko yametimia.

Mwaka jana nilirudi kijijini na Zaina, sasa mama wa watoto wanne, tukiwa na magunia mawili ya mbegu kwa familia chache zilizokuwa bado zinalima. Mama mkubwa, dada yake mama, alishukuru, kisha akamshika Zaina mkono.

"Huyu asipande. Kwa sababu yake njo kijiji iliisha."

"Hata mimi nilikula, mama mukubwa," nikasema.

"Wewe ulipata mabaki. Yeye njo walimupikia."

Zaina akaweka jembe chini, akaenda kukaa barabarani kungoja pikipiki ya kurudi mjini. Tulipanda bila yeye.

Ule mwiko, naona sasa, ndio uliokilisha kijiji chetu miaka yote ile: ulizuia watu wasile mavuno ya mwaka ujao kwa njaa ya leo. Koko aliujua uzito wake kuliko sisi sote, na bado akaketi kumenya. Nimemweleza Zaina hivyo mara nyingi. Ananisikiliza, anaitika, kisha anarudi kumwagilia mboga zake.