Nilimtungia shangazi hadithi ya uongo, akaiandikia kurasa tisa

Wakuu, hamjambo huko mliko? Hapa Goma mimi ni mzima, kwa neema tu. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Shangazi yangu ni prof wa chuo kikuu. Asubuhi anafundisha wanafunzi wapya namna ya kuandika travail, yaani kazi ya utafiti: kusoma, kunukuu, kutaja kila neno umelitoa wapi. Jioni anatafiti hadithi za wazee wa Rutshuru.

Ukimwambia chakula kimeiva, anauliza, "Nani amesema?"

Siku moja akataka kujua koko, yaani mama yake anayekaa Kiwanja, aliwahi kunihadithia nini. Mimi nilikuwa nakimbia devoir ya chimie, kazi ya nyumbani ya kemia. Nikamtungia pale pale: sungura kamuuzia fisi chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na breki, juu kabisa ya mlima.

Nikasema ni ya koko. Akarekodi. Mbavu zangu jamani!

Wiki mbili baadaye namkuta na kurasa tisa. Fisi wangu amegeuka "sura ya mnyonge aliyenyimwa habari". Na kesho yake anasoma mbele ya maprofesa, wale wale wanaoamua kama atapanda cheo.

Kicheko kikakauka. Mtu anaenda kuaibika kwa ajili yangu. Nikapiga magoti.

"Shangazi, ile hadithi niliitunga."

"Acha uongo. Nilimupigia koko, nikamusomea. Akasema ni yake, akaongeza na wimbo."

Wakuu, WIMBO!

Tukampigia koko tena, simu kwenye spika.

"Koko, ile hadithi ni yangu!"

"Nyamaza, mutoto! Yako haikuwa na mwisho. Fisi ulimuacha kwenye mutelemuko, ni mimi nilimushusha."

Shangazi akaingilia, "Mama, mbona ulisema unaijua?"

"Niseme sijui? Mbele ya mutoto niliyemusomesha?"

Nikajua leo nalala nje.

Kumbe shangazi anacheka mpaka anashika ukuta! Akafuta kichwa cha travail, akaandika upya usiku kucha: jinsi hadithi inavyozaliwa kati ya mjukuu na bibi.

Kesho yake nilikaa nyuma kabisa ya auditoire, ukumbi wa chuo. Alipouimba ule wimbo wa koko, muzee mmoja prof alivua miwani kufuta machozi ya kicheko. Jina langu likasomwa: mtunzi. Wakapiga makofi, nikasimama kuinama. Shangazi akanitazama mara moja tu, nikakaa.

Cheo wamempa, wakuu.

Nilichojifunza: ungama mapema. Uongo ukipata bibi mwenye sauti nzuri, unageuka fasihi, na huwezi tena kuurudisha nyumbani.

Haya, nani mwingine amewahi kumlisha mwalimu kitu akakimeza? Mwagikeni, mimi nimeshaumbuka tayari.