Mchuzi kwa Mtoto, Nyama kwa Baba

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, baridi ya Ufipa imekaza hata maneno yanaganda mdomoni, nami nimembeba binti yangu wa kwanza, Skola, tunakwenda kwenye komunio ya kwanza ya mdogo wangu kule Kaengesa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kifua mbele kama jogoo aliyeshinda ugomvi. Kisa? Mtoto mnene. Skola alikuwa na miaka miwili kasorobo, mashavu yamejaa, miguu imejaa, nywele zimeanza kulainika na kuwa na rangi ya ndevu za hindi. Kila niliyekutana naye njiani nilimwambia, na wengine niliwafuata shambani kwao kuwaambia, kwamba kuanzia Milepa bondeni hadi mpakani na Zambia hapakuwa na mtoto aliyenona kama wangu.

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Mimi niliona mlango nikajisifia nyumba.

Hebu nikueleze tulivyokuwa tunamlisha. Kuku tulikuwa nao. Walitaga mpaka jogoo mwenyewe akaona haya. Lakini yai mtoto hapewi. Mama yangu alituambia, kama alivyoambiwa na mama yake, kwamba mtoto akila yai kabla hajaanza kusema, ulimi wake unakuwa mzito. Nami nilitaka binti msemaji, basi mayai nikayaweka mbali naye kama sumu ya panya. Tukichinja kuku, nyama ni ya baba na wageni. Mtoto anachovya ugali kwenye mchuzi, maana nguvu yote ya kuku, tulisema, imeshaingia kwenye mchuzi. Ni akina nani waliosema hivyo? Sisi tuliokuwa tunakula nyama! Titi la mama alikuwa ameachishwa mapema, kwa sababu mdogo wake, Deo, alikuwa tayari tumboni. Kwa hiyo asubuhi uji mtupu wa mahindi, mchana ugali na mchuzi, jioni ugali na mchuzi. Tumbo linajaa, baba anatamba.

Kule kwenye komunio tukamkuta shangazi yangu Restituta, dada wa baba, aliyeolewa kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa hajawahi kumwona mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwekea Skola mapajani.

"Shikamoo, shangazi. Mtazame mjukuu wako! Gunia la mahindi hili!"

"Marahaba." Hakucheka. Alikishika kijiguu cha mtoto, akabonyeza kwa kidole gumba, akatulia kidogo, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye udongo mbichi wa tofali.

"Anasema nini huyu?"

"Bado hajaanza. Mpole."

"Anacheza?"

"Anakaa tu. Si nimekwambia mpole, hana utundu."

"Na kuku wa mwisho kuchinjwa kwako, mapaja alikula nani?"

Nikamtazama mke wangu, Ana. Ana akatazama paa.

"Mimi, shangazi."

"Na firigisi?"

"Mimi."

"Na mtoto?"

"Mchuzi."

Shangazi akasimama. Sauti aliyoitoa ilisikika Zambia, na nasikia kuna ng'ombe kule ambaye hajatoa maziwa hadi leo. "Huyu si mnene, we baba mjinga! Haya ni maji! Mtoto anavimba kwa njaa, wewe unamwita gunia la mahindi! Chukua koti, tunakwenda hospitali."

"Shangazi, pilau bado haijapakuliwa..."

"Pilau wataila wanaojua kulisha watoto!"

Hospitalini muuguzi mmoja, mama wa makamo, alimtazama Skola mara moja tu akasema ni kwashakoo. Tukalazwa wiki nne. Walimpa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, maana mtoto aliyefika pale hashindiliwi chakula. Uvimbe ulipokauka nikamwona mwanangu halisi: mifupa na macho. Mimi napenda kutia chumvi, unanijua, lakini hapo sitii hata punje. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la wodi.

Muuguzi alinifuata. "Wewe baba, unafanya kazi gani?"

"Nalima, na kiangazi nachoma tofali."

"Vizuri, basi tutaelewana. Ugali ni kuni. Unatia mwili moto, mtu anatembea. Lakini umeona wapi kuni zikajenga ukuta? Tofali za mtoto ni yai, maharage, dagaa, maziwa. Na jengo linalokwenda mbio kuliko yote ni ubongo. Linaanza mtoto angali tumboni, na akifika miaka miwili sehemu kubwa ya msingi imeshalazwa. Mwili ukikosa tofali unavimba, unaona. Ubongo ukikosa hauvimbi. Unanyamaza tu."

"Atapona?"

"Mwili utapona. Ya kichwani sikudanganyi, tutasubiri. Mlishe. Tena mwongeleshe, mchezee, mtaje kwa jina. Kichwa nacho kinataka kuitwa."

Kumbe, mwanangu, nilimnyima mayai ili aseme mapema, na kwa kumnyima hayo na vingine vyote nikamfunga ulimi kwa mikono yangu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Yangu yalinikuta kijana, hata ndevu hazijakamilika.

Tuliporudi nyumbani nikatoa amri iliyoshangaza kijiji: sahani ya mtoto inapakuliwa kwanza, na yenye kitu, si mchuzi. Na Ana, kwa kuwa Deo alikuwa tumboni, apakuliwe pamoja na mtoto. Wenzangu kilabuni wakapata la kunitania. "Baba Skola, tunasikia siku hizi kwako unakula miguu ya kuku!" Nikawajibu, "Miguu na utosi, na nikishiba nalamba chungu!" Wakacheka mpaka pombe ikawapalia. Mimi nilikuwa na kazi nyingine: kumwongelesha Skola. Nilimtajia kila mti, kila ndege, kila ng'ombe na ukoo wake. Niliongea mpaka mbuzi wakajua Kiswahili. Yeye alinitazama tu.

Alikuwa amepita miaka mitatu na nusu aliposema neno lake la kwanza. Nilikuwa nimeshika yai la kuchemsha, akanyoosha mkono. "Lete." Mwanangu, nilileta! Nilimletea yai, nikaleta na majirani wote waje wamsikie.

Nisikufiche lakini. Deo, aliyezaliwa tukiwa tumeerevuka, alijua kusoma kabla ya dada yake. Skola alirudia darasa la pili. Hesabu zilimkimbia kama panya ghalani. Alikuwa anarudi nyumbani ananiuliza, nami sijui kusoma! Ndipo nikajiandikisha kisomo cha watu wazima, cha jioni, wakaniita ngumbaru na nikaitika. Tukakaa meza moja, baba na binti, kila mmoja na daftari lake. Herufi moja tuliisoma wiki nzima. Akikata tamaa namsukuma. Nikikata tamaa ananitazama kwa yale macho ya wodini, nashika kalamu tena. Akamaliza darasa la saba, nami nikapata cheti changu, ambacho nimekitundika ukutani juu kidogo ya picha ya Papa, ingawa Ana hapendi.

Leo Skola ni fundi wa nguo kule Mollo. Anazo cherehani tatu, na wapo wasichana anaowafundisha. Sare za shule za nusu ya mji zimepita mikononi mwake, na nusu nyingine wanajuta. Vipimo vya mteja anaviandika mara mbili, kisha anauliza tena, haoni aibu. Juzi nilimkuta anakata kitambaa, akanitania.

"Baba, ungenipa yale mayai mapema ningekuwa waziri."

"Waziri wa nini, mama?"

"Wa kuku!"

Tukacheka. Kisha moyo wangu ukaniuma kidogo, maana huenda ni kweli, na hilo sitalijua kamwe. Lakini nikamtazama mwanamke yule, aliyepanda kwa kucha mlima ambao wenzake waliupanda kwa ngazi, nikaona hakuna baba mwenye profesa anayenizidi fahari. Aje tushindane.

Basi sikia, mwanangu, wewe uliyepata mtoto juzi, na mwingine yeyote ambaye mkewe ni mjamzito. Mlishe mama kwanza, maana kichwa cha mtoto kinajengwa humo. Akizaliwa anyonye, na akianza uji usiwe mtupu: utwangie karanga au dagaa, ponda maharage, mpe yai. Yai halifungi ulimi. Kinachofunga ulimi ni kukosa. Unene usiupigie kelele kabla hujaubonyeza, na kliniki usingoje shangazi akukokote. Zaidi ya yote, zungumza naye, hata kama hajibu. Sisi Wafipa tuna mahindi hadi ghala linalia, lakini shibe si lishe.

Mungu akujalie mvua ya wakati na kuku wasio na ugonjwa wa kideri. Awape watoto wako vichwa vyepesi, na maswali mengi mpaka ukimbilie shambani kupumzika. Na siku watakayokupita kwa akili, akupe moyo wa kufurahi. Amina, mwanangu.