Alama za Meno kwenye Betri

Maji ya betri yana harufu kali inayoacha ladha ya chuma ulimini. Juzi hapa mtaani Kinanira fundi alifungua ubavu wa pikipiki yangu, harufu ile ikanifikia, na mara nikawa tena msichana wa miaka tisa kule nyumbani Gasenyi, mwenye siri.

Baba alibeba abiria kwa pikipiki. Mchana alirudi kula, akajilaza, pikipiki ikabaki uani. Hapo ndipo mimi na Tate, mama yake baba, tulipoanza kazi yetu. Tate alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mwanawe wa mwisho alikuwa amepotea huko vitani. Kila mchana redio ilisoma majina ya waliopatikana na ya waliokufa. Baba alimkataza kusikiliza, maana kila mara alishinda akilia, lakini mzazi utamkataza vipi? Umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha. Basi nilibana nyaya mbili kwenye betri ya pikipiki kwa vibanio vyenye meno, na ile redio kubwa ya kaseti ikaamka. Mara nyingi Tate alisinzia, nami nikaiacha iendelee. Nilipenda muziki, nisiwadanganye.

Haikupita muda stata ya pikipiki ikaanza kugoma. Baba alipiga teke kuiwasha mpaka shati likalowa, abiria wakamkimbia. Fundi Désiré, rafiki yake wa ujana, alikuwa ametoka kumbadilishia nyaya za kuchaji, kwa hiyo lawama zote zikamwangukia yeye.

Désiré alikuja na kipimo chake. Akapima betri: imelegea. Akawasha injini kwa teke, akazungusha mpini wa mafuta, akapima tena: umeme unaingia vizuri kabisa, nyaya zake hazina kosa. Akazima. Kisha akapitisha kidole kwenye vichwa vya betri, palipokwaruzwa na vibanio. Akaitazama redio dirishani, akanitazama mimi, akamtazama Tate, ambaye mikono yake ilikuwa imeganda juu ya maharage aliyokuwa akichambua. Nilitamani ardhi inimeze.

“Kosa ni yangu,” akamwambia baba. “Nilifunga waya mubaya.”

Kesho yake, baba akiwa barabarani, Désiré alileta betri kuukuu, akaisukuma chini ya kitanda cha Tate.

“We mutoto, usiguse tena ya baba yako. Hii ni ya Tate.”

Kila wiki alikuja kuichukua, akaichaji, akairudisha. Tate alisikiliza mpaka alipofariki. Jina la mwanawe halikusomwa hata siku moja.

Wakati ule nilifurahi tu kwamba tumeponea chupuchupu. Baba alihamia kwa fundi mwingine, na kijiweni akawachekesha wenzake kwa habari za Désiré asiyejua kufunga waya. Wateja wa Désiré wakapungua. Leo mimi ni mshonaji, nala kwa sifa ya jina langu, na ndiyo maana najua Désiré alitoa nini kwa ajili yetu siku ile. Baba tumemzika akiwa bado anaamini rafiki yake alikuwa fundi mbovu. Nilipata miaka ishirini ya kumwambia ukweli, nami nilikaa kimya.