Miguu ya Kijiji

Maganda ya kahawa yakilundikwa kando ya mto hutoa harufu tamu yenye uchachu, inayokaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Ndiyo harufu ya msimu ule kwetu Maguu, nilipokuwa darasa la sita, msichana mwenye miguu mirefu na akili ya wastani. Nilikuwa nimewashinda wenzangu wa tarafa nzima katika mbio ndefu, na sasa ningeteremka ziwani kugombea nafasi katika timu ya wilaya, ile ya kwenda Songea. Kijijini hakuna mtoto aliyewahi kufika mbali hivyo kwa jambo lolote.

Tatizo lilianza kwa wema. Pumzi zangu nilizipata kwa kuchota maji bondeni na kuchimba ngolo, mashimo yetu Wamatengo yanayoshika udongo na maji kwenye miteremko. Habari ilipoenea, nikanyang'anywa ndoo na jembe. "Mwacheni akae," shangazi aliwaambia wanawake waliokuwa wakimenya kahawa. "Miguu hiyo si yake tena, ni ya kijiji." Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaitazama miguu yangu kama kitu cha kuazima. Nililishwa ugali na maharage mpaka nikawa nahema nikipanda ngazi za kanisa. Jumapili Padri aliniombea mbele ya waumini wote, na wazee niliowaamkia waliitikia marahaba huku wakiyatazama magoti yangu. Mwalimu wetu wa michezo, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mara, alilalamika kwamba mkimbiaji hukimbizwa, hanenepeshwi. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni angejua nini kuhusu watoto wetu?

Tuliteremka kwa lori, tumevaa masweta, maana kwetu kutoka asubuhi bila sweta ni uzembe. Watoto wa ziwani walitupokea kwa kelele: "Wa milimani hao! Leo mtaanikwa kama dagaa!" Njia ilipita kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, jua likituchoma mgongoni. Niliongoza mpaka mahali pa kugeukia, na muda wote niliwasikia shangazi, Padri na wazee wakihema kifuani mwangu. Ningependa sana kuwaambieni kwamba nilianguka, au kwamba niliumia. Niliketi tu. Niliwatazama wengine wakinipita, na nikajisikia vizuri.

"Inuka, mama, inuka!" Mwalimu alikuja mbio akinisihi.

Nami, nikiwa bado nimeketi, nikamwamkia shikamoo.

Nyumbani hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoumiza. Shangazi alisema, "Pole, mwanangu," akanikabidhi jembe, maisha yakaendelea.

Siku hizi kwenye simu kuna wanariadha wenye viatu vya bei mbaya wanaoeleza jinsi ya kufanya urafiki na hofu. Nimewasikiliza wengi. Nimesoma mpaka chuo kikuu, nikaiacha shahada ya uzamivu njiani, na vitabu viwili nilivyoanza kuviandika pia, kila mara pale watu walipoanza kuningojea. Juzi binti yangu, anayekimbia mbio ndefu chuoni kwake, alinipigia siku moja kabla ya mashindano. "Mama, wewe hofu ilipokushika ulifanyaje?"

"Niliketi chini."

Alicheka sana, akidhani ni utani wangu wa kawaida, kisha akasema kocha anamwita. Nilibaki na simu sikioni.